Mji huja kwa karatasi: vijana wa Kimaasai pembezoni mwa Nairobi

Kabla ya tingatinga kuna kigingi, na kabla ya kigingi kuna karatasi. Nimepima ardhi Kajiado, kaunti inayopakana na Nairobi upande wa kusini, kwa miaka kumi na tisa, na mara nyingi watu wa boma hunijua siku ninaposhuka garini na vyombo vyangu, wakati mambo yameshakwisha ofisini. Kwa hiyo vijana wa Kimaasai wakiniuliza waanzie wapi kutetea kwao, nawaambia waanze kwa kujifunza kusoma ramani. Mabango yatafuata.

Nairobi yenyewe ina jina la Kimaa, lugha ya Wamaasai: enkare nairobi, maji baridi. Reli ilipofika mwaka 1899, wafugaji walikuwa wakinywesha ng'ombe hapo. Watu husema vijana wa vijijini wanakimbilia mjini. Huku kwetu mji ndio uliotoka Nairobi ukawafuata nyumbani. Kitengela, mji wa Kajiado ulio jirani na Nairobi, ilikuwa na watu kama 58,000 katika sensa ya 2009. Miaka kumi baadaye walizidi 154,000. Kaunti nzima ya Kajiado ilitoka watu 687,312 ikafika 1,117,840. Wengi ni watu wema waliofuata kazi za viwanda vya Athi River au nyumba ya bei wanayoiweza, na sina neno nao. Lakini fikiria kijana aliyetoka asubuhi kwa matatu kwenda chuoni, akarudi jioni akakuta ng'ombe wa kwao wanazungushwa nje ya ukuta mpya, mahali ambapo juzi palikuwa njia.

Ili kuelewa hasira yake, lazima turudi mwaka 1968. Mwaka huo ilipitishwa sheria ya ranchi za kikundi, ambayo iliandikisha ardhi ya Wamaasai kwa jina la kikundi, ikisimamiwa na wawakilishi watatu hadi kumi. Kila ranchi ilikuwa na kitabu cha wanachama. Karibu wote walioandikwa humo walikuwa wanaume wenye boma. Mama hayumo. Binti hayumo. Kijana aliyezaliwa kitabu kikiwa kimefungwa, naye hayumo. Ranchi zilipoanza kugawanywa, ile ya Kitengela mwishoni mwa miaka ya 1980, hati zikatoka kwa majina ya kitabuni. Ardhi iliyokuwa ya malisho ya wote ikawa ya mzee mmoja mmoja, na dalali akawa na mtu mmoja tu wa kumshawishi.

Sheria imebadilika tangu hapo. Katiba ya 2010 inawataja wafugaji na wawindaji miongoni mwa jamii zilizotengwa, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inahesabu kila mtu mzima wa jamii, mwanamke kwa mwanamume. Mwekezaji akitaka ardhi ya jamii, theluthi mbili ya watu wazima lazima wakubali kwenye mkutano. Ni sheria nzuri. Kwa Kitengela ilifika watu wakishagawana, na sheria ya jamii haina la kufanya kwenye shamba ambalo tayari lina hati ya mtu binafsi. Hapo silaha ni nyingine, na ndizo ninazofundisha.

Nieleze kisa kimoja. Binti mmoja wa upande wa Isinya, mwanafunzi wa chuo kikuu, alinijia na nakala ya mchoro wa mgawanyo wa shamba la babu yake. Tuliutandaza juu ya boneti ya gari na kuubana kwa mawe mawili, maana upepo wa nyanda za Kapiti hauna huruma. Ekari arobaini zilikatwa ploti za futi hamsini kwa mia, kama 280 hivi, na barabara za mita tisa katikati. Nilimwonyesha mshale wa kaskazini, kipimo, na namba ya kipande cha jirani. Kisha nikanyamaza. Alipitisha kidole polepole kuanzia kwenye boma, akavuka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu kidole kikasimama.

"Mwalimu, silanga iko wapi?"

Silanga, bwawa la kunyweshea mifugo ya boma zaidi ya kumi, ilikuwa ndani ya ploti nne. Njia ya ng'ombe haikuwapo kabisa. Babu yake alikuwa ameweka alama ya kidole kwenye makubaliano, lakini mchoro hakuwahi kuonyeshwa.

Ardhi ya kilimo na malisho haiuzwi wala haigawanywi bila idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi. Bila idhini hiyo makubaliano ni batili. Bodi ikikaa, kwa desturi huuliza: mama anajua? Watoto wazima wanajua? Vijana wengi hawajui kwamba swali hilo huulizwa. Binti alikwenda na bibi yake na shangazi wawili. Kabla ya kuingia alimwinamia babu yake kichwa, naye mzee akamgusa utosini kama ada ilivyo. Swali lilipoulizwa, akasimama, akasema familia haipingi mzee kuuza, kwa sababu ana deni la hospitali, bali inaomba silanga na njia ya ng'ombe vitolewe kwenye mgawanyo. Mchoro ukarudishwa ukachorwe upya.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu kinaonyesha sehemu ngumu kuliko zote, ambayo mikutano ya hotelini huiruka. Mtetezi kijana wa Kimaasai hupambana kwanza na mtu anayempenda na anayepaswa kumheshimu. Kupinga serikali kuna sifa. Kumwambia mzee wako hapana ndani ya boma hakuna anayekupigia makofi. Na vijana wenyewe si wamoja. Wapo wanaobeba bango leo na kesho wanamtembeza mnunuzi kwa kamisheni, kwa kuwa ajira hakuna. Siwatupii mawe. Lakini tusiseme "vijana" kana kwamba wote wana nia moja.

Wako wanaodhani mambo ya mahakama na nyaraka ni ya kizungu, si ya Kimaasai. Si kweli. Baada ya mikataba ya 1904 na 1911 kuwahamisha Wamaasai, mwishowe hata kutoka Laikipia, Parsaloi Ole Gilisho, kiongozi wa rika la Il-Talala, alipinga, na mwaka 1913 Wamaasai waliishtaki serikali ya kikoloni. Walishindwa: mahakama ilisema mikataba ile ni kama ya mataifa mawili, haina uwezo wa kuiamua. Miaka mia baada ya mkataba wa kwanza, Agosti 2004, wajukuu wao waliandamana Nairobi na kurushiwa mabomu ya machozi. Maandamano na mashtaka yametembea pamoja tangu zamani.

Kuna lingine ningependa vijana walijue. Kuanzia mwaka 2000, wenye ardhi kusini mwa Mbuga ya Nairobi walilipwa kama shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua wala kuuza, na fedha zilitolewa kwa awamu tatu, shule zinapofunguliwa. Kiasi ni kidogo mno mbele ya mamilioni ya dalali. Hata hivyo karo ililipwa, na baadhi ya njia za nyumbu na za ng'ombe zilibaki wazi. Wenye ardhi hao hao walisukuma mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto, uliotenga sehemu za mji na sehemu za malisho. Mpango upo. Mtu akiomba kubadilisha shamba la malisho kuwa la biashara, sheria ya mipango ya 2019 inataka umma ujulishwe na inaruhusu pingamizi, na pingamizi lenye kutaja ukurasa wa mpango huo ni gumu kulipuuza.

Yule binti sasa ana kundi la watu kumi na wawili. Wamegawana kazi: wawili hupita kila wiki kusoma matangazo yaliyobandikwa ofisi ya ardhi, mmoja hupiga picha vibao vya ujenzi barabarani, wengine huandika barua. Mwezi uliopita babu yake alimtuma mtoto aniite. Nilimkuta ameketi nje ya boma na hati ya shamba lililobaki, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Alitaka mjukuu wake amsomee yote, mstari kwa mstari, nami niwepo nihakikishe hakuruka kitu.