Utulivu si ukimya

Hapa Amu, yaani Lamu, mtu akinyamaza tu, ashaitwa mtulivu. Kijana akisemwa hajibu: mtulivu. Mwanamke kafiwa na hakulia mbele za watu: mtulivu huyo, mashallah. Hata muuza duka anayekuacha umesimama huku yeye yuko kwenye simu, nimesikia akisifiwa utulivu.

Maana yenyewe ni fupi. Utulivu ni kuendelea kuona vizuri na kuchagua la kufanya wakati mambo yamekubana. Sauti haimo humo, wala mapigo ya moyo.

La moyo tulimalize kwanza. Ukishtuka, tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huenda mbio, viganja hutoka jasho, mate hukauka. Mmarekani Walter Cannon alilieleza hilo mwaka 1915: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia, wala haukungoji wewe uamue. Mtulivu naye humpata vilevile. Unaloliweza ni pumzi: itoe polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta, na moyo utapunguza mbio kidogo.

Na hii ya “ametulia, hana presha” nayo ina hatari yake. Presha ya hospitali hujulikana kwa kipimo. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikirudiwa kupimwa siku nyingine iko palepale, imepanda. Aghalabu haina dalili. Mpole kuliko wote mtaani anaweza kuwa nayo miaka na asijue. Aende akapimwe, upole wake aende nao.

Sasa ukimya, ndio unaoniudhi. Tazama mashindano ya mashua hapa mbele ya mji, kusi inavuma. Chombo kimelala upande, mabaharia wamekalia ubao uliotokeza nje ili kisipinduke, maji yanaingia. Nahodha anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Lakini sikiliza anachosema: “Legeza demani, hiyo kamba ya tanga! Sogea ubaoni, wewe, mwisho kabisa! Fua maji!” Kila neno lina mtu wake na kazi yake, na macho yake hayatoki kwenye tanga. Yule katulia. Karibu na mlingoti yuko mwingine hasemi kitu, kaishikilia kamba aliyoambiwa zamani aiachie. Huyo kaganda. Kuganda ni kazi ya hofu, sawa na kukimbia, ila hakuna kelele. Na sisi tuliosimama ufukweni, kwa mbali, huyo ndiye tunayemsifu.

Nahodha huyohuyo akianza kuwatukania watu mama zao, hapo kahamaki. Sauti ni ileile, lakini maneno hayakiendeshi tena chombo. Tofauti iko hapo, wala huhitaji kuwa baharia kuisikia.

Msibani ni hivyohivyo. Mama analia kwa kwikwi, na katikati ya kwikwi anauliza kama sanda imefika na kama wa Malindi wamepelekewa habari wawahi maziko. Watu wanamwambia atulie. Atulie vipi zaidi ya hapo? Yule aliyekaa kwenye kona na macho makavu, hajui hata aliyemshika mkono ni nani, ndiye wa kuangaliwa na kupewa maji.

Najua neno limeshazoeleka, na sitagombana na mtu barazani kwa ajili yake. Ila kwa watoto naomba tujirekebishe kidogo. Mtoto kaanguka gatini, goti linavuja damu, analia, tunamkaripia “Tulia!” na kumbe tunataka anyamaze. Kama ni kunyamaza, basi tumwambie anyamaze. Kama ni kutulia, tumwache alie, tumwambie apumue, na tumpe kitambaa alibane goti mwenyewe.