Je, wajua daraja bovu ndo liliokoa vichwa vya treni vya mvuke?

Hivi ushawahi kujiuliza kichwa cha treni kilichotengenezwa 1876 kiliwezaje kupiga kazi ya kila siku mpaka 1963, wakati wenzake kibao walishakatwakatwa wakauzwa vyuma chakavu? Jibu lipo kwenye daraja moja la mbao kusini mwa Uingereza, na mi kila nikiikumbuka hii habari nafurahi upya.

Mwaka 1872 bwana William Stroudley, mkuu wa ufundi wa reli ya London na Brighton, alianza kuunda vichwa vidogo vya kuvuta abiria wa mitaa ya kusini mwa London, na hadi 1880 vilikuwa vimefika 50. Kila kimoja tani 28 hivi tu, magurudumu sita, yote yanavuta. Watu wakavibandika jina Terrier, vile vimbwa vidogo vikali vya kuwindia panya, maana moshi ukitoka kwenye dohani ulikuwa unabweka kabisa. Na Stroudley alikuwa na utaratibu mmoja naupenda mno, kila dereva alipewa kichwa chake na jina lake likaandikwa ndani ya kibanda, yaani kikichafuka ni aibu yako wewe mwenyewe, sio ya kampuni.

Sasa vichwa vikubwa vya mvuke huwa vinaburuta gari la nyuma lenye maji na makaa, ila hivi havina. Maji yanakaa kwenye matangi mawili, moja kulia moja kushoto mwa boila, lile pipa la chuma linalochemsha maji yawe mvuke, kama punda aliyebebeshwa madumu, jumla lita 2,270 hivi, na makaa ya mawe yapo kwenye kasha dogo nyuma ya dereva. Ndo maana vinaitwa vichwa vya tangi. Uzuri wake ni kwamba ukifika mwisho wa reli huhitaji kukigeuza, kinarudi kinyumenyume bila shida, afu ule uzito wa maji unayakandamiza magurudumu yasiteleze. Ubaya wake maji yanaisha haraka kwa hiyo safari ndefu hakiziwezi, na treni za London zilipozidi kuwa nzito vikaanza kuonekana havifai, vingine vikauzwa, vingine vikavunjwa.

Hapo ndo linakuja daraja. Kulikuwa na kijireli cha kama kilomita 7 kutoka Havant kwenda kisiwa cha Hayling, kinavuka bahari pale Langstone juu ya nguzo za mbao, na lile daraja lilikuwa dhaifu kiasi kwamba kichwa kizito hakiruhusiwi kukanyaga. Terrier tu! Kwa hiyo vikabaki pale miaka na miaka, wala si kwa huruma ya mtu, ni kwa sababu hakukuwa na kingine cha kupita. Ukiangalia picha za wakati ule utaona dohani limevalishwa kitu kama kapu juu, kile ni cha kuzuia cheche, maana cheche moja ikidondoka kwenye mbao kavu daraja linaungua.

Chukua namba 46, Newington. Kilianzia London, 1903 kikauzwa kwenda kuvuta treni za mji wa Lyme Regis, 1913 kikapelekwa kisiwa cha Wight ambako baadae kiliitwa Freshwater, 1949 kikarudishwa bara kikaishia kwenye reli ya Hayling. Novemba 1963 reli ikafungwa kwa sababu kulitengeneza lile daraja kungegharimu hela nyingi mno. Kuanzia 1966 kikasimamishwa nje ya baa moja hukohuko Hayling kama bango, mvua yake, chumvi ya bahari yake, mpaka 1979 kikarudishwa Wight kwa watu wa reli ya kumbukumbu, wakakifufua na kikavuta tena abiria.

Na kufufua sio kupaka rangi jamani. Ndani ya boila kuna mabomba membamba mengi yanayopitisha moshi wa moto katikati ya maji, yanalika, yanagandwa na ukoko wa chokaa, kwa hiyo kila baada ya miaka kama 10 boila inatolewa, mabomba yanang'olewa yanawekwa mapya, afu inajazwa maji ya presha kutafuta pa kuvuja kabla hata moto haujawashwa. Na hata siku ya kazi huwezi kuwasha ukaondoka, moto unachochewa polepole kwa masaa, maana chuma kikipata joto upande mmoja haraka kuliko mwingine kinajivuta na maungio yanaachia.

Kati ya vile 50 vimebaki 10. Kimoja, Waddon, kipo makumbusho ya reli karibu na Montreal, Kanada. Fenchurch na Stepney vipo reli ya kumbukumbu ya Bluebell, Sussex, si mbali sana na Brighton vilikoundwa.