Keith Hernandez hakusimama tu beisi ya kwanza

Wapenzi wengi wa besiboli huamini kwamba beisi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, ni ya jitu zito: linapiga mpira mbali, halina mbio, basi lisimame pale lidake mipira ya kurushiwa na wenzake. Kazi yangu ni kuchambua ulinzi, na kila nikisikia maneno hayo humtaja Keith Hernandez, mlinzi wa beisi ya kwanza wa zamani.

St. Louis Cardinals walimchagua mwaka 1971 kwenye raundi ya 42 ya zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, huko chini kabisa ambako timu huokota majina ya kujazia orodha. Mwaka 1979 akaongoza National League, moja ya ligi mbili kuu za Marekani, kwa wastani wa kupiga wa .344 (mapigo 344 yaliyofanikiwa katika kila majaribio 1,000), akagawana tuzo ya mchezaji bora na Willie Stargell, kura sawa kwa sawa. Ila mimi hunivutia zaidi glavu yake. Kuanzia 1978 hadi 1988 alichukua Gold Glove, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, mara 11 mfululizo, na hakuna wa beisi ya kwanza aliyemfikia.

Chukua ule mpira ambao mpigaji anaugusa tu kwa gongo, ubingirike taratibu, ili mwenzake aliyeko beisi ya kwanza asogee ya pili. Walinzi wengi huridhika kumtoa mpigaji, mkimbiaji wakamwacha aende. Hernandez alishachomoka kabla gongo halijagusa mpira. Wakati mwingine aliuokotea upande wa beisi ya tatu, akarusha beisi ya pili na kumtoa yule mkimbiaji. Alikuwa anarusha kwa mkono wa kushoto, na hilo si jambo dogo: anayetumia wa kulia lazima kwanza ageuze mwili ndipo arushe beisi ya pili, na hapo mkimbiaji keshafika.

Juni 1983, miezi michache baada ya kutwaa ubingwa naye, Cardinals wakamtoa kwa New York Mets, wakapewa warushaji wawili, Neil Allen na Rick Ownbey. Biashara ile siwezi kuitetea. Mwaka 1986, mechi ya saba ya fainali dhidi ya Boston, Mets wako nyuma 3-0, beisi zote zimejaa; Hernandez akapiga, wakimbiaji wawili wakafunga. Mets wakashinda 8-5.

Misuli na goti vikamchosha, akamalizia Cleveland mwaka 1990. Cooperstown, kwenye jumba la magwiji, hayumo hadi leo. Katika misimu 17 alivusha mpira nje ya uzio mara 162 tu, na wapiga kura hudai mamia kwa mtu wa beisi ya kwanza. Mipira aliyoizuia hawakuihesabu.