"Mali ikishauzwa hairudishwi": hasira ya dukani inavyokula mtaji

Mama mmoja anarudi dukani Kariakoo na kitenge alichonunua juzi. Kimechuja, na shuka jeupe aliloloweka nacho limeharibika. Anapaza sauti. Muuzaji hasemi kitu, ananyoosha tu kidole kwenye karatasi ya ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Ugomvi unawaka, na wateja wawili waliokuwa wakipapasa vitambaa wanatoka kimyakimya. Karatasi ile mimi ningeibandua.

Jioni muuzaji atakwambia alipandwa na hasira. Hasira ya nini? Ukimdadisi, utakuta ni aibu ya kukaripiwa mbele za watu, au hofu: kodi ya fremu inadaiwa na tangu asubuhi hajauza. Tumezoea kuita kila kitu hasira, ilhali Kiswahili kina kero, fadhaa, uchungu, kinyongo na wivu, na kila kimoja kina dawa yake.

Kujua hasa kinachokusumbua wewe na kinachomsumbua mwenzako, ndipo uamue la kufanya, ndiko kunakoitwa akili hisia. Wanasaikolojia wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliiandikia makala mwaka 1990. Kitabu cha mwandishi Daniel Goleman cha mwaka 1995 kikaieneza duniani. Ndani ya ubongo kuna kisehemu kidogo, amigdala, kinachoshtuka upesi kikihisi tishio. Sehemu ya mbele, inayopima mambo, huchelewa kidogo. Funda la maji kabla ya kujibu linaipa nafasi ifike.

Wengi hudhani akili hisia ni upole. Hapana. Muuzaji anaweza kukataa kurudisha pesa, lakini aanze na "Pole mama, hata mimi ningekereka, hebu nikione." Akishike, aulize kilifuliwaje, kisha ambadilishie au ampunguzie bei ya kingine. (Tapeli naye husoma hisia za watu vizuri mno, kwa hiyo tusiuchukulie ujuzi huu kama uchamungu.)

Nyumbani ndiko kugumu zaidi. Saa mbili usiku mtoto wa muuzaji yule anaomba pesa ya daftari, anaambulia makaripio yaliyokuwa yamwendee mama wa kitenge. Baba angesema tu mlangoni, "Leo nimeaibishwa dukani, nipeni dakika kumi," mtoto angesubiri na daftari lake.