Dumu likiwa safi, rangi itashika?

Ukipita Darajani, Unguja, au Chake Chake, Pemba, utaona madumu yaliyoandikwa jina la mwenyewe kwa rangi ya mafuta, na nusu ya jina imeshabanduka. Wengi huamini kosa ni mafuta yaliyobaki: lioshe kwa sabuni na maji moto, rangi itashika. Dhana hii ina mantiki, maana uchafu kweli huzuia rangi. Ila hata dumu safi kabisa rangi yake hubanduka.

Sababu imo katika plastiki yenyewe. Dumu aghalabu ni polietilini, minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni tu, isiyo na pa kushikia. Jaribu mwenyewe: osha dumu na kioo, suuza vizuri, kausha, kisha tia tone la maji kila kimoja. Kwenye kioo tone hutandaa. Kwenye dumu hujikunyata kama ushanga, maana halina pa kushikia, na rangi nayo ni vivyo hivyo. Tazama pia kitako cha chombo: pembetatu yenye 2 ni polietilini nzito, 5 ni polipropilini, plastiki ya jamii hiyo hiyo. Wabishi wakubwa hao.

Viwandani hupitisha moto au umeme juu ya plastiki ili oksijeni ijipachike usoni na rangi ipate pa kushikia (moto usijaribu nyumbani, tafadhali). Wanakemia huenda mbali zaidi. Huchukua vijipira vya polistirini, plastiki nyingine, vyembamba kuliko unywele, wakaviwekea usoni vikundi vya kemikali ambapo minyororo mipya huota, mithili ya mchungwa uliobebeshwa: shina lile lile, matunda mengine. Vijipira vya polistirini vyenye rangi, vilivyobeba protini usoni, ndivyo vinavyochora mstari kwenye baadhi ya vipimo vya mimba.