Serikali ikichukua ardhi yako, hela yako inaamuliwa siku ya uthamini

Watu wengi wanaokuja kwetu kuulizia fidia wanakuja wakiwa wamechelewa. Barua ya malipo imeshafika, mtu kaiangalia ile namba kashika kichwa, ndo anaanza kutafuta wakili na kupiga simu kila mahali. Uchungu wao nauelewa kabisa ila ile namba haikupangwa siku barua ilipoandikwa, ilipangwa miezi mingi nyuma, siku mthamini alipopita na fomu na kamera, akazunguka nyumba dakika chache, akaandika, mwenye mali akasaini halafu kila mtu akashika njia yake. Siku hiyo ndo nataka tuikalie hapa, maana ndo siku ambayo watu wanaichukulia poa kuliko zote.

Kwanza tuwekane sawa kidogo kuhusu sheria. Karibu kila nchi serikali ina uwezo wa kutwaa ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma hata kama mwenyewe hataki, na karibu kila nchi inabanwa na sharti moja kubwa, ilipe. Tamko la Haki la Ufaransa la 1789 lilisema mtu hanyang'anywi mali isipokuwa kwa hitaji la umma na kwa fidia ya haki inayotangulia. Marekani waliiweka kwenye katiba yao mwaka 1791, Marekebisho ya Tano. Huku kwetu Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, Katiba ya Kenya ya 2010 ibara ya 40 inasema karibu hivyohivyo, na Uganda katiba yao ya 1995 ibara ya 26 imekwenda mbele zaidi, hela ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa, na Mahakama ya Juu kule ilikuja kulikazia hilo 2015 ilipokifuta kifungu cha sheria ya zamani kilichoruhusu serikali kuingia kwanza na kulipa baadae.

Je, unaweza kuukataa mradi wenyewe? Unaweza kujaribu, hasa kama hakuna manufaa ya umma yanayoonekana au utaratibu wa notisi, yaani kukutaarifu kwa maandishi kwamba ardhi inatwaliwa, umerukwa, lakini niseme tu ukweli, wanaoshinda hapo ni wachache. Mfano unaotajwa sana ni kesi ya Kelo dhidi ya mji wa New London kule Marekani, mwaka 2005, majaji watano kwa wanne wakasema hata kukuza uchumi wa mji ni matumizi ya umma, nyumba zikaondoka, na kiwanja kikakaa miaka na miaka bila hata jengo lililoahidiwa. Kwahiyo ushauri wangu, kama muda na hela ya wakili ni vya kubana, peleka nguvu kwenye kiasi cha fidia, huko ndo kuna nafasi.

Sasa turudi kwenye ile siku. Mthamini hana uadui na wewe lakini pia hajui kitu ambacho hakioni. Ana nyumba nyingi za kupitia na fomu yake ina safu zilezile, jina la mmiliki, ukubwa wa eneo, aina ya jengo, ukuta wa nini, paa la nini, sakafu ya nini, hali ya jengo, miti na mazao, halafu sehemu ya maelezo mengine ambayo mara nyingi inabaki tupu. Hiyo sehemu tupu ndo inayokula hela za watu. Nimeshaona fomu imeandikwa "nyumba moja, tofali, bati" basi, wakati uwanjani kuna kisima, tenki la maji la chini ya ardhi, shimo la choo lililojengewa vizuri, ukuta wa uzio pande tatu, msingi wa nyumba ya pili uliofunikwa na majani, umeme uliovutwa kwa hela ya mwenyewe. Vyote hivyo vina thamani na vyote havikuandikwa kwa sababu mwenye nyumba hakuwepo, alikuwepo mtoto wa shule ndo kafungua geti. Kitu ambacho hakipo kwenye fomu, kwenye hesabu hakipo, na kukiingiza baadae ni kazi ya mwaka mzima.

Kwahiyo notisi ikitoka, kabla hata ya mthamini kufika, zunguka mwenyewe eneo lako ukiwa na simu, piga picha na video za kila kitu, vya chini ya ardhi vionyeshe mfuniko wake na eleza kwa sauti kina na ukubwa, kusanya risiti za vifaa, vibali vya ujenzi, bili, makaratasi ya mauziano. Tembea mpaka kwenye bikoni, yale mawe ya mipaka, uzione kwa macho, sio kukumbuka tu zilikuwa wapi mwaka uleee. Mthamini akifika tembea naye hatua kwa hatua, onyesha. Na usisaini fomu yenye nafasi tupu, piga mstari kwenye nafasi hizo, omba nakala, wakikwambia nakala hazipo piga picha fomu yenyewe kila ukurasa. Sahihi yako mara nyingi inamaanisha unakubali vitu vilivyoorodheshwa na haimaanishi umekubali bei, ila kama orodha yenyewe ni pungufu ushajifunga mwenyewe.

Kitu kingine kinachowaponza watu ni tarehe ya mwisho ya kuhesabu mali. Miradi mingi inaitangaza, na chochote utakachojenga au kupanda baada ya hapo hakilipwi. Kuna wanaokimbilia kupanda miche usiku kucha au kuinua vibanda vya haraka haraka wakitegemea fidia, mwisho wa siku hela ya vifaa inapotea na mthamini anaanza kuwashuku hata kwenye vile vya halali. Tusijidanganye, picha za satelaiti zipo.

Bei sasa. Neno utakalolisikia kila mahali ni thamani ya soko, yaani bei ambayo mnunuzi asiyelazimishwa angempa muuzaji asiyelazimishwa. Mthamini anaitafuta kwa kuangalia mauzo ya maeneo ya jirani yaliyoandikishwa, na hapa kuna ukweli mchungu ambao watu hawapendi kuusikia: kama mtaa mzima mliandikisha mauziano kwa bei ya uongo ili kupunguza kodi, hizo bei za uongo ndo zinazokuja kuwapima. Huwezi kwenda mbele ya mahakama ukasema ile hati niliyoisaini ilikuwa usanii tu, bei halisi ilikuwa mara mbili. Kama unajua kuna mauzo ya karibuni yaliyoandikishwa kwa bei halisi, eneo linalofanana na lako, tafuta ushahidi wake uulete, mthamini mzuri ataufanyia kazi.

Na kuna kanuni moja inawashangaza wengi. Ongezeko la thamani linaloletwa na mradi wenyewe halihesabiwi. Ukisikia barabara inakuja, bei zikapanda mtaa mzima, wewe uliyechukuliwa ardhi kwa ajili ya hiyo barabara hulipwi bei iliyopanda kwa sababu yake. Wanasheria wa Uingereza wanaiita kanuni ya Pointe Gourde, kutokana na kesi ya 1947 iliyotokea Trinidad. Habari njema ni kwamba inafanya kazi pande zote mbili, tetesi za mradi zikishusha bei kwa miaka kumi maana hakuna anayetaka kununua nyumba itakayobomolewa, huko kushuka nako kusihesabiwe dhidi yako. Upande huu wa pili wamiliki wengi hawaujui na hakuna wa kuwakumbusha. Ukiona kwenye ripoti mauzo ya kulinganishia yote ni ya baada ya tetesi kuanza, hoji hapohapo.

Juu ya thamani ya soko kuna nyongeza, na hizi zinatofautiana sana nchi na nchi. Kenya wanaongeza asilimia 15 kwa ajili ya usumbufu. Uganda ni asilimia 15 pia, inapanda hadi 30 ukipewa chini ya miezi sita kuhama. Uingereza kuna malipo ya kupoteza makazi, asilimia 10 ya thamani, ila yana ukomo. India kwa sheria yao ya 2013 wanaongeza asilimia 100 nzima, na vijijini bei ya soko inaweza kuzidishwa hadi mara mbili kabla ya hiyo nyongeza. Tanzania kanuni za 2001 zinataja posho ya usumbufu inayotokana na riba ya benki za biashara kwenye amana za muda maalumu (hela inayowekwa benki kwa muda uliopangwa) kwa miezi 12, posho ya usafiri kwa gharama ya kubeba tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, posho ya makazi ambayo ni kodi ya pango ya mwezi mara 36, na hasara ya biashara, faida halisi ya mwezi mara 36. Angalia hiyo ya mwisho. Miaka mitatu ya faida sio hela ya mchezo, lakini ni faida halisi na inathibitishwa kwa hesabu, zilizokaguliwa pale inapobidi. Mwenye duka anayeweka mauzo yote kichwani anakuja kuambulia makadirio ya chini kabisa. Alafu posho za usafiri, makazi na faida hazilipwi kwa ardhi iliyokaa tu haina mtu, hilo nalo watu hugundua wakiwa wameshachelewa. Marekani kwa mfano wakulipe au wasikulipe hasara ya biashara inategemea jimbo, sheria ya shirikisho kwa kawaida haiilipi, kwahiyo ukisikia mtu anasema kwao wanalipwa hivi na vile, uliza kwanza ni kwao wapi.

Kuna hali inayoleta ugomvi kuliko zote nayo ni ardhi inapochukuliwa kipande. Tuseme thamani ya kiwanja chako na nyumba ni 100. Barabara inachukua ukanda wa mbele wenye ukubwa wa sehemu moja ya tano ya eneo, ofisi inapiga hesabu ya kipande hicho, inakupa 20. Sasa toka nje uangalie kilichobaki. Geti halipo, gari halina pa kuingilia. Shimo la choo lilikuwa mbele, limeondoka, na nyuma hakuna nafasi ya kuchimba lingine. Nyumba sasa iko karibu sana na barabara kiasi kwamba hata kibali cha kuongeza chumba hupati. Ukimuuliza mnunuzi wa kawaida atakichukua hicho kilichobaki kwa 65. Umepoteza 35, umelipwa 20, ile 15 ndo hasara ya mabaki na sheria za nchi nyingi zinataka ilipwe, ila mara nyingi hailipwi mpaka uidai. Omba uthamini wa kabla na baada, mali nzima kabla ya mradi na kilichobaki baada ya mradi. Na pale mabaki yanapokuwa hayana matumizi tena, uliza kama unaweza kuilazimisha mamlaka ichukue eneo lote, baadhi ya nchi zinaruhusu.

Ukichelewa kulipwa je? Tanzania hesabu ni miezi sita tangu uthamini uidhinishwe na Mthamini Mkuu, ikizidi hapo riba inaanza kukimbia, na kwa sheria ya uthamini ya 2016 ripoti yenyewe inaisha muda baada ya miaka miwili, inabidi eneo lithaminiwe upya. Kwahiyo tarehe ya kuidhinishwa ni tarehe ya kuiulizia kwa barua na kuitunza, maana bila tarehe huna cha kuhesabia riba.

Swali linalokuja kila wiki: nikipokea hela nimekubali? Inategemea unasaini nini. Marekani tangu sheria ya 1931 serikali inaweka makadirio yake mahakamani, mwenye ardhi anachukua hela na bado anaendelea kudai zaidi. Kwingine karatasi ya kupokelea ina maneno kwamba huna madai mengine yoyote, ukisaini hiyo basi tena. Soma kwanza, andika kwa mkono wako kwamba unapokea lakini hukubaliani na kiasi, na kama afisa anakataa maneno hayo mpe wakili aisome kabla ya kalamu kugusa karatasi. Usisahau pia kuuliza siku za kukata rufaa, mara nyingi ni chache na zinaanza kuhesabiwa tangu upewe barua, sio tangu uisome.

Kwa wasio na hati, msikate tamaa mapema. Katiba ya Kenya ibara hiyohiyo ya 40 inaruhusu kuwafidia waliokaa kwa nia njema hata kama hati hawana, na mradi wenye hela ya Benki ya Dunia unabanwa na masharti yao ya kulipa majengo kwa gharama ya kujenga upya bila kukata uchakavu, hata kwa mtu asiye na hati. Muulize afisa wa mradi hela inatoka wapi, ni swali la haki yako.

Na wale ambao hati ipo ila ina jina la babu aliyefariki, hapo fidia inaweza kupitishwa na isilipwe, inakaa kwenye akaunti ikisubiri msimamizi wa mirathi huku ndugu wanavutana. Kama notisi imeshabandikwa fungueni mirathi wiki hiyohiyo, na kama ardhi iko kwenye rehani mpigie simu afisa wa mkopo mapema, benki ndo italipwa kwanza, wewe unapata kinachobaki.