Yanayosemwa Kuhusu Sanaa na Majengo ya Nairobi, na Ukweli Wake

Nairobi tuna mazoea ya kusifu kilicho mbali. Jengo likipendeza, tunauliza ni kampuni gani ya nje iliyolichora. Mchoraji akipata jina, tunataka kujua alisomea wapi Ulaya. Na kitu kilichoundwa Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, kwa nyundo na bati hatukihesabu kuwa ubunifu, hata kama tunakitumia kila jioni. Mazoea haya yamezaa dhana ambazo zinagusa pesa na kazi za watu: mwenye ploti anaagiza ghorofa lisilofaa hali ya hewa yetu, mzazi anamnyang'anya mtoto penseli. Ni vizuri zijibiwe, na majibu mengi yako hapa hapa mjini, yanaonekana kwa macho.

"KICC ni kazi ya mzungu"

Nusu ya dhana hii ni kweli, ndiyo maana haifi. Karl Henrik Nøstvik, msanifu majengo kutoka Norway, alikuwa na mkono mkubwa katika mchoro wa KICC, Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta. Lakini hakuwa na ofisi yake mwenyewe iliyopewa tenda. Alikuwa mfanyakazi wa Wizara ya Ujenzi ya Kenya, na aliyewaongoza wasanifu wa wizara hiyo alikuwa David Mutiso, Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha Msanifu Mkuu wa serikali nchini. Kazi ilitoka katika ofisi ya umma ya nchi iliyokuwa na miaka michache tu ya uhuru. Majina hayo mawili hayana budi kutajwa pamoja, na inasikitisha kwamba watoto wetu wakifundishwa kuhusu KICC, mara nyingi hawafundishwi jina hata moja.

Kisa chenyewe kinavutia kuliko ubishi wa nani alishika kalamu. Ujenzi ulianza mwaka 1967, na nia ilikuwa kuipa KANU, chama tawala, makao makuu. Kisha ikajulikana kwamba Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zingefanya mkutano wao wa mwaka Nairobi mnamo 1973, mara ya kwanza Afrika. Mji haukuwa na ukumbi wa kutosha wageni hao. Mpango ukapanuliwa kazi ikiendelea, hadi tukapata mnara wa orofa 28, wenye kimo cha mita 105 hivi, pamoja na ukumbi wa mikutano wenye paa la umbo la pia. Mzee Jomo Kenyatta akalifungua jumba Septemba 1973.

Ukipita City Hall Way, tazama ukuta wa mnara kwa makini. Rangi yake ni ya udongo uliochomwa, haikuigwa kutoka kwenye minara ya chuma na vioo iliyokuwa fasheni New York wakati huo. Madirisha hayakuwekwa sawasawa na uso wa ukuta, yamezama ndani ili ukingo wa juu uyatilie kivuli. Waliolichora walijua jua la hapa, na ujuzi huo unaniumiza kila ninapotazama yanayojengwa leo.

"Jengo la kisasa ni la vioo"

Hii ndiyo dhana inayotugharimu zaidi. Pita Westlands au Upper Hill saa tisa alasiri, uangalie minara ya vioo inayotazama magharibi. Mapazia yameshushwa orofa baada ya orofa. Ndani taa zinawaka mchana kweupe, na viyoyozi vinanguruma. Mwenye nyumba alilipa pesa nyingi apate mwanga na mandhari, sasa mpangaji analipa stima ili auzuie mwanga ule ule.

Sababu ni rahisi. Nairobi iko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua linakaribia kuwa utosini mwaka mzima, likiegemea kaskazini kuelekea Juni na kusini kuelekea Desemba. Kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini unakingwa kwa urahisi, ukingo mfupi juu ya dirisha unatosha. Ukuta unaotazama mashariki au magharibi ndio wenye taabu, kwa sababu asubuhi na jioni jua linakuja chini na kupiga moja kwa moja, na hakuna ukingo unaoweza kulizuia. Jengo la umbo refu likielekezwa ncha zake fupi mashariki na magharibi, uso na kisogo kaskazini na kusini, nusu ya kazi imekwisha kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Halafu kuna baraka ambayo miji mingi ya joto haina. Tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku ni baridi. Ukuta mzito wa mawe, kama yale ya Ndarugo yanayokatwa upande wa Juja na kuletwa mjini kwa malori, hupoa usiku na kuchelewa kupata joto mchana. Wazee waliojenga kwa mawe na kuacha matundu ya hewa juu ya madirisha hawakuwa nyuma ya wakati.

Na asiseme mtu kwamba mbinu hizi ni za nyumba ndogo tu. Ofisi za Umoja wa Mataifa za Gigiri zilizofunguliwa mwaka 2011 zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wapatao 1,200. Hewa yenye joto hupanda kupitia uwazi mkubwa katikati ya jengo na kutokea juu, hewa baridi ikiingia kwenye madirisha ya ofisi. Paa limejaa paneli za sola. Katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Lang'ata, maktaba kubwa iliyosanifiwa na Musau Kimeu huvuta hewa kupitia matabaka ya mawe yaliyo chini yake, ikapoa kabla ya kuwafikia wasomaji. Huyo ni msanifu Mkenya, na jengo linatumika na wanafunzi kila siku. Ukiwa na ploti na pesa za kujenga, muulize msanifu wako swali moja kabla ya mengine yote: madirisha makubwa yanatazama wapi? Akibabaika, tafuta mwingine.

"Ubunifu ni urembo wa nyumba za watu"

Ubunifu ni pia kutatua shida ya kila siku. Chukua jiko la makaa, lile lenye kiuno. Lilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mmoja wa waliolifanyia kazi kwa bidii ni Maxwell Kinyanjui. Wazo la awali lilitoka Thailand, ambako jiko la udongo lilikaa ndani ya ndoo. Hapa likabadilishwa. Bati likapanuliwa juu na chini na kubanwa katikati, likasimama imara sakafuni bila kuyumba mwiko wa ugali unapozungushwa kwa nguvu. Udongo ukawekwa nusu ya juu peke yake, pale moto ulipo, kwa hiyo jiko likawa jepesi kubeba. Chini kuna kimlango cha kuingiza hewa na kutolea majivu. Mfinyanzi anafinyanga kikombe cha udongo chenye matundu, fundi wa bati anakata na kukunja mwili, kila mmoja na riziki yake. Likilinganishwa na jiko la bati tupu, makaa yanayookolewa yanatajwa kuwa kati ya asilimia 30 na 50. Kwa familia inayonunua makaa kwa mkebe, hiyo ni pesa ya maziwa. Sijui kitu kilichobuniwa vizuri zaidi katika mji huu.

"Michoro ya matatu ni uhuni"

Februari 2004 Sheria za Michuki, zilizoitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi John Michuki, zilipoanza kutumika, matatu zilipewa mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na ule mstari wa manjano ubavuni. Usalama ulihitajika sana. Ila pamoja nao likaja wazo kwamba rangi nyingi ni dalili ya utovu wa nidhamu, na polisi wakawa wanakamata gari kwa ajili ya picha. Baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliwatetea hadharani vijana wa grafiti, na nganya, yaani matatu zilizopambwa, zikarudi barabarani kwa kishindo.

Anayeita hii kazi uhuni hajawahi kuingia kwenye karakana. Gari huja likiwa chasisi na injini, mara nyingi Isuzu. Mafundi wa bodi wanachomelea fremu, wanapiga bati, wanafunga viti 33. Kisha panapakwa puti, panapigwa msasa, panapakwa puti tena, mpaka ukipitisha kiganja husikii mshono. Hapo ndipo mchoraji anaanza: utepe wa kufunika sehemu zisizoguswa, rangi ya msingi, halafu sura za watu kwa bomba dogo la upepo, kivuli juu ya kivuli, akitoa uso wa mwanamuziki au mchezaji mpira ubavuni mwa gari lenye madirisha na milango inayokatiza picha kila mahali. Turubai halina bawaba, ubavu wa matatu unazo. Kila siku kazi hiyo inatazamwa na watu wengi kuliko maonyesho yoyote ya ndani. Na kuna hesabu ya biashara: vijana wa Rongai huacha gari kuukuu lipite tupu wakisubiri nganya. Mwenye gari hatoi pesa zake kwa mapenzi ya rangi pekee.

Wengi walioshika mkebe wa rangi wamepitia Makumbusho ya Reli, ambako Patrick Mukabi, anayejulikana kwa picha zake za akina mama wa sokoni, alifungua studio ya Dust Depo na kuwapokea vijana. Kundi la grafiti la BSQ nalo lilikuwa hapo hapo kando ya mabehewa. Mstari unaotenganisha mchoraji wa matatu na mchoraji wa turubai umechorwa na wasiojua kwamba watu hawa wamekaa pamoja.

"Wanatumia takataka kwa kuwa hawana pesa ya rangi, na hawatambuliki mpaka wahame"

Dhana hizi mbili huja zikiwa zimeshikana mikono. Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, hutengeneza miwani mikubwa kwa waya, vijiko, vipande vya redio na vyuma alivyookota. Alikulia mkabala na jaa la taka. Dickens Otieno hukata mikebe ya soda kuwa utepe mwembamba na kuifuma juu ya waya mpaka inaning'inia kama nguo nzito. Ukisema ni ukata, nitakuuliza kuhusu Michael Armitage. Huyu ni mzaliwa wa Nairobi aliyesomea London, na anaweza kununua turubai lolote duniani. Anachora juu ya lubugo, kitambaa cha Uganda kinachotokana na gome la mti wa mutuba lililopondwapondwa, ambacho ufundi wa kukitengeneza ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Lubugo lina matundu na mishono, naye huiacha ionekane, picha ikaizunguka. Malighafi ni uamuzi. Mkebe uliobonyea una rangi, maandishi na historia ya mtaa ambavyo tyubu ya rangi haina.

Na kuhusu kuhama: Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, aliweka sanamu nne za shaba mbele ya jumba la Metropolitan, New York, mwaka 2019, katika nafasi zilizokuwa tupu tangu 1902. Anafanya kazi huko na hapa pia. Armitage naye alianzisha hapa Nairobi taasisi ya sanaa ya kisasa, NCAI, ili kazi za Afrika Mashariki ziwe na makao. Lakini mfano unaonishinda nguvu ni Wajukuu, kikundi cha wasanii wa Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Mwaka 2022 walialikwa documenta, maonyesho makubwa ya Kassel, Ujerumani. Walifunika mlango wa ukumbi kwa mabati yenye kutu, mgeni akapita kwenye njia ya giza iliyochanganya mtaa wao na manyatta ya Wamaasai. Wakapewa Tuzo ya Arnold Bode. Walikwenda wakiwa watu wa Mukuru, wakarudi Mukuru, ambako wanafundisha watoto kuchora.

Linganisha na mwaka 2015, banda la jina la Kenya kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, lilipopangiwa wasanii ambao wengi wao walikuwa Wachina. Wasanii wetu walipiga kelele mpaka serikali ikajitenga nalo. Mwaka 2022 banda hilo lilikuwa na Kaloki Nyamai, Syowia Kyambi, Wanja Kimani na huyo huyo Dickens Otieno. Kelele zile zilikuwa na maana.

"Sanaa ni ya matajiri na watalii"

Kila siku maelfu ya watu wanapatana "hapo Archives", Moi Avenue, wakiegemea ukuta na kutazama simu. Wachache sana wameingia. Orofa ya chini ya jengo hilo, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya: vinyago, vito, silaha, nguo na vyombo kutoka pembe nyingi za Afrika, vilivyokusanywa na Mkenya kwa pesa zake wakati wengi walikuwa wakiviita ushenzi. Kiingilio ni kidogo. Sehemu nyingine ya mkusanyo wake iko Nairobi Gallery, katika ofisi ya zamani ya Mkuu wa Mkoa iliyojengwa mwaka 1913. Majumba ya kuuza sanaa kwa kawaida hayatozi chochote mlangoni. Ukitaka kuona mawe yaliyochongwa bila kufungua pochi, nenda City Park, kwenye bustani ya kumbukumbu aliyozikwa Murumbi. Huko kuna kazi ya Elkana Ong'esa, mchongaji wa Kisii ambaye ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Panda gari la Parklands au la Limuru Road, na uende asubuhi, kabla tumbili hawajaanza kunyang'anya watu ndizi.